Rangi ya Mlango Yamzeesha Bibi Harusi

Saa moja asubuhi, upepo wa ziwa bado una baridi. Luhende Maige anaondoa shuka lililofunika ubao wake, kisha anabaki nalo mkononi kama mtu aliyekuta nyumba yake haipo.

Bibi harusi aliyemwacha Jumamosi akiwa msichana amezeeka. Mashavu yamekunjamana. Paji la uso lina mifereji. Chini ya macho ngozi imening'inia.

"Nilidhani nimerogwa," anasema fundi huyu wa mabango, mkazi wa Kiseke mwenye miaka arobaini na minne. "Sitanii. Niligeuka kwanza kuangalia mlangoni kama kuna mtu."

Hakurogwa. Alikosea rangi.

Kwa miaka ishirini Luhende ameandika majina ya maduka ya Mwanza. Tangu biashara huria iruhusiwe, zimeingia herufi za kubandika kutoka Dar es Salaam, na mwaka huu wa 1996 wenye maduka karibu wote wameacha kumwita. Ndipo Bhanumati, mjane wa mfanyabiashara wa pamba, alipompa jaribio: anakili picha ya mama mkwe wake akiwa bibi harusi, iliyochorwa Bombay kabla reli haijafika Mwanza. Mwanawe, Chirag, anahamia Uingereza na picha hiyo, na mama hataki kubaki na ukuta mtupu.

"Imechorwa kwa rangi ya mafuta," Bhanumati alimwambia.

Luhende akaitikia kwa furaha. Rangi ya mafuta anaijua. Ndiyo inayopakwa milango na madirisha; hakujua wachoraji wana yao. Akanunua makopo yake dukani, akapaka tabaka nene barazani kwa mama huyo. Juu ikakauka, chini ikabaki mbichi, ngozi ikajikunja.

Anataka kurudisha shuka, amechelewa. Bhanumati ametokea na kikombe cha chai.

"Shikamoo mama. Usiangalie."

"Marahaba. Kwa nini nisiangalie? Baraza ni langu."

Anaangalia. Kikombe kinamponyoka, chai inamwagikia miguuni, naye hasogei.

"Nani alikuonyesha huyu?"

"Hakuna mtu, mama. Rangi imeharibika. Nitaikwangua."

"Usiguse." Anamzuia mkono. "Hivi ndivyo alivyokuwa siku namwogesha mara ya mwisho. Uzeeni alikataa kupigwa picha. Alisema picha anayo."

Luhende anakaa sakafuni. Anasema hapo ndipo alipoogopa zaidi.

Chirag alipoona, aliinama kukagua mikunjo. "Fundi," alisema, "siku ukinichora mimi, nipake mkono mmoja tu wa rangi, nisizeeke."

Ubao ule sasa umetundikwa sebuleni. Chirag amemletea Luhende rangi za wachoraji kutoka Nairobi, na kila asubuhi anainakili tena ile ya Bombay, kwa sababu ikiondoka mwisho wa mwezi hana mwalimu mwingine.

"Kivuli cha shavu si cheusi," anasema, bado haamini. "Kina kijani. Nimechora vichwa kwenye mabango ya vinyozi miaka yote hiyo, sikukiona."

Ana haraka. Mama yake, Ng'washi, yuko Bujora, amepita themanini, hana picha hata moja. Habari za bibi harusi zimemfikia. Ameuliza kama rangi hiyo inaweza pia kumrudisha mtu ujanani.

"Nimemwambia haiwezi," anasema Luhende. "Mikunjo anayo, ni yake. Nataka niiweke mmoja mmoja, safari hii kwa kukusudia."