Siku RAM ilijaa nikiandika eulogy ya Baba Atieno

Wakuu, niaje. Humu kuna mafundi wa story za jaba, zile za kutunga, nawajua, lakini hii ilinipata mimi mwenyewe hapa Mbotela na nitaieleza vile ilikuwa.

Niko na kacyber kadogo karibu na Jogoo Road. Mashine ya maana ni moja tu, kuukuu, nimeiwekea Linux badala ya Windows. RAM yake ni kidogo, msinicheke.

Alasiri moja ya mvua, ile mvua inanyesha mpaka estate nzima inanyamaza, akaingia jirani yangu Mama Atieno. Mzee wake alikuwa amefariki wiki hiyo. Alikuja na shemeji yake Omondi, mdogo wa marehemu. Walitaka kijitabu cha mazishi, chenye picha na eulogy ya maisha yake.

Nikascan picha, kubwa kubwa, nikaziacha wazi. Browser nayo ilikuwa na matab ya wateja tangu asubuhi. Juu ya hayo yote nikafungua mahali pa kuandika.

Mama akafunga macho, akaanza kusimulia, mimi nikiandika.

Aisee. Huyu ni mama wa maneno machache, lakini siku hiyo alimwongelea mzee kama mtu ameenda tu dukani, atarudi. Vile alikuwa anarudi kutoka kazi ya reli, ananawa hadi viwiko, halafu anaweka redio na kumwambia wacha ugali kwanza, njoo tucheze. Vile walikuwa wanacheza pole pole kati ya kitanda na jiko, chumba hakina nafasi ya hatua mbili. Mvua ilikuwa inapiga mabati na mimi naandika, nikiona kila kitu.

Halafu nikaangalia screen, kumbe ilikuwa imeganda kitambo.

Mouse haisongi. Taa ya disk inawaka tu bila kupumzika. Na sikuwa nimesave, matusi wekeni hapo chini.

Sikuwa na roho ya kumkatiza. Nikaendelea kubonyeza keyboard bila kuona hata herufi moja.

Omondi akaona. Akaninong'onezea, "Zima uwashe, bro."

Mnajua hiyo ndiyo dawa yetu ya kila kitu huku. TV, decoder, simu, hata fridge. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwa switch. Nikaushika.

Hapa wacha niingie technical kidogo. RAM ndiyo nafasi ya kazi ya saa hii, na stima ikikatwa inasahau kila kitu. Ikijaa, operating system haitupi kazi yako. Inachukua vitu havijaguswa kwa muda, inavipeleka kwa disk, mahali panaitwa swap, na inakumbuka ni vya nani na viko wapi. Ukivihitaji inavirudisha. Disk iko slow, ndiyo maana unaona mashine kama imezirai.

Nikamuuliza Omondi kwa sauti ya chini, "Kitanda cha Mama kiko wapi saa hii?"

"Kwa Mama Njeri."

"Na kabati?"

"Kwa yule fundi wa viatu. Si kuna matanga, wageni wangekaa wapi?"

"Vimepotea?"

"Zii. Kila mtu anajua kitu ni cha nani."

"Basi mashine inafanya hivyo hivyo. Ukizima, inasahau ilipeleka nini wapi."

Akarudisha mkono. Lakini kuna kitu sikumwambia. Swap nayo ikijaa, Linux huchagua program moja na kuiua, na haikuulizi. Niliogopa kwamba itachagua ile yenye maneno ya Mama.

Mama akamaliza. Akafungua macho.

"Umeandika yote, Kariuki?"

"Tungoje kidogo, Mama. Mashine inatafuta nafasi."

Akatingisha kichwa. "Sitaweza kuyasema tena."

Tukakaa. Sisi watatu, mvua, na hiyo taa. Sijui ni muda gani, wakuu, ilikuwa kama usingizi wa mchana ambao unasikia kila kitu na hausongi. Niliomba kimoyomoyo, na mimi si mtu wa kuomba.

Browser ikapotea, pap. Ndiyo iliyouawa. Ukurasa wa eulogy ukarudi, umekatika palepale kwa sentensi ya redio.

Halafu herufi zikaanza kutokea zenyewe. Yote niliyobonyeza nikiwa kipofu yalikuwa yamepangwa foleni mahali, sasa yanatoka. Njoo tucheze. Kati ya kitanda na jiko. Mstari baada ya mstari, na makosa yake ya spelling, na mikono yangu iko kwa magoti.

Omondi akanyoosha kidole kuonyesha neno lililokosewa. Nikasogea kwa keyboard nirekebishe.

Mama akanigusa bega. "Mwache amalize," akasema.

Nilijua hakuwa anamwongelea Omondi, ni mzee wake. Machozi yalinitoka, sitawadanganya.

Nikaacha. Tukaangalia mpaka neno la mwisho. Ndipo nikasave.

Somo langu ni fupi. RAM ikijaa usikimbilie switch, angalia ile taa, ipe mashine muda. Na save mapema, usiwe kama mimi.

Lakini kuna swali linanisumbua, na nyinyi ndio mko na akili humu. Mpaka leo Mama Atieno akipita hapa anaiangalia hiyo kompyuta kwanza ndiyo anisalimie. Sijawahi kumweleza kuhusu foleni ya keyboard.

Ungekuwa mimi, ungemwambia?