Bomba Lililolazwa Juu ya Mawe

Juzi nilirudi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Issuna, nikakuta vijana wanalaza bomba jeusi la plastiki juu ya mawe, jua linalichoma. Hasira niliyodhani imekwisha ikanipanda upya. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa darasa la tano maji ya bomba yalipotufikia. Mkandarasi aliona taabu kuchimba mtaro kwenye miamba, akalitandaza bomba juu ya ardhi, akafungulia maji. Jirani yetu, mama wa rafiki yangu, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Tangu hapo asubuhi zetu zikawa za milio ya ndoo na uji wa uwele, si za safari ya kuchota maji korongoni.

Mwalimu wetu wa sayansi hakushangilia. Alitupeleka kulitazama bomba. Asubuhi, baridi ya Juni ikituuma masikio, bomba lilikuwa gumu kama pembe. Mchana lilikuwa limelegea, limebonyea kati ya jiwe na jiwe. Akachukua kipande cha mfuko wa plastiki, akakivuta ghafla, kikakatika. Kingine akakivuta taratibu kikarefuka, na alipokiachia hakikurudi kilivyokuwa.

"Joto na muda," alisema. "Jua linalilegeza, maji yanalisukuma. Linatanuka kidogo kidogo bila kurudi. Ipo siku litapasuka."

Alimfuata mkandarasi kumwonya, nasi nyuma yake. Yule bwana akacheka.

"Mwalimu, wewe fundisha watoto. Mabomba niachie mimi."

Oktoba, kwenye joto kali, bomba likavimba ubavu na kupasuka. Mkandarasi alishaondoka. Wanawake wakarudi korongoni kuchimba mchanga kutafuta maji, shimo likizidi kwenda chini kila siku. Jirani yetu alikuwa ndani, anachota kwa kata, kingo zilipoporomoka. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Mkandarasi alimtuma mtu na gunia la mchele wa msiba. Bibi yangu akasimama njiani.

"Rudi nalo. Hapa hatuli cha mtu aliyeambiwa akacheka."

"Mama, ni kazi ya Mungu."

"Mungu hakulaza bomba juani."

Bibi hayupo tena, wala mwalimu. Korongo limejaa mchanga, mbuzi wanapita juu yake. Juzi nilimwomba rafiki yangu anionyeshe mahali mama yake alipofukiwa na mchanga. Akanyoosha kidole upande huu, kisha upande ule, akashusha mkono.