Mkeka wa Rangi ya Tope

Mto ulipofurika tulihamia mwinukoni, kando ya barabara ya Garsen, tukakaa chini ya maturubai kwa wiki kadhaa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliacha vyombo vyote akaja na fungu la ukindu kichwani. Wanawake wenzake walimcheka. Siku ya tatu walikuwa wameketi naye, wanasuka.

Maji yalipopungua, mimi na yeye tulirudi shambani. Nyumba haikuwepo. Migomba ilikuwa imelala chini, na kila mahali pamefunikwa na tope zito la hudhurungi. Nililia. Kwangu ilikuwa rangi ya kaburi lililofukiwa jana.

Shangazi hakunibembeleza. Aliinama, akachota tope, akalisugua kati ya vidole, akalinusa.

"Mwanangu, unaliona hili?"

"Naliona. Limetumalizia nyumba."

"Nyumba tutajenga. Babako akiona tope la rangi hii alikuwa akiimba mpaka majirani wanamwomba anyamaze. Lililompa huzuni ni lile jeupe, la mchanga mtupu. Hili ni shibe."

Sikumwamini. Nilishika jembe kwa sababu yeye, na uzee wake na goti bovu, alikuwa ameshalishika lake. Tulipanda mahindi na kunde ardhi ikiwa bado mbichi. Siku chache baadaye kijani kilichomoza, kichanga, cha kung'aa, nikajikuta naamka mapema nikakitazame kabla hata ya chai. Sijui lini niliacha kuliogopa lile tope. Tulivuna vizuri, tukawagawia na wengine.

Baada ya mavuno Shangazi alinunua rangi za unga Garsen, akachemsha ukindu. Wakati ule maharusi wote walitaka mikeka ya zambarau na waridi. Yeye alichanganya nyekundu na nyeusi, akachungulia sufuriani, akaongeza, akachungulia tena, mpaka akaridhika. Akasuka mkeka wa hudhurungi, na ukingoni mstari mmoja wa kijani. Mama mmoja anayeuza mikeka sokoni aliutazama kwa huruma.

"Bibi, nani atanunua mkeka unaoonekana mchafu?"

"Huu hauuzwi," Shangazi akamjibu. "Una mwenyewe."

Aliutandika kwa mikono yake katika nyumba yangu mpya. Wageni wengine huniuliza kama umechakaa. Nawaambia hapana, ndivyo ulivyotoka mikononi mwake, kisha nawakaribisha wakae.