Shemasi Aliyesikiliza Mahubiri Chali

Mume wangu ni shemasi, na kabla hujamcheka naomba ujue kwamba ni mtu mwema. Theluji ikianguka, yeye ndiye huondoa ya majirani kabla ya kuondoa yetu. Kazi yake ni kuendesha gari la kuwapeleka wagonjwa kliniki za figo, na kutwa nzima redio ya gari hilo huongea siasa. Tulipofika Maryland kutoka Kitale hakujua hata vyama vya hapa vinatofautiana wapi. Redio ikamsomesha. Siku hizi ana msimamo juu ya kodi, mipaka, shule na hata majiko ya gesi, na kila msimamo anaushikilia kana kwamba alizaliwa nao.

Mimi hupigia kura chama kile kingine. Siku ya uchaguzi huwa tunapanda gari moja hadi kituoni, kila mmoja anaifuta kura ya mwenzake, kisha tunapitia sokoni kununua sukuma wiki. Tumezoea. Mahali ambapo siasa hizi zilikuwa hazijatugusa ni kanisani.

Kanisa letu ni la Kibaptisti, na ibada yetu ni ya Kiswahili. Tunakutana Jumapili mchana kwenye ukumbi wa kanisa la Wamarekani huko Temple Hills. Tuko Wakenya, Warundi na Wakongo, na mchungaji wetu ni Mtanzania wa Mbeya, mpole kupita kiasi. Wenyeji wetu wamo katika ushirika mkubwa wa Wabaptisti, ambao wakati huo ulikuwa unavutana juu ya wanawake: je, mwanamke anaweza kuwa mchungaji, na kanisa likimkubali libaki ndani au litolewe? Sisi wapangaji hakuna aliyetuuliza. Hata hivyo mume wangu aliufuatilia mjadala ule kama mtu anayefuatilia ligi.

Kisha mama mzazi wa mchungaji akafariki, naye ikabidi asafiri kwenda kuzika. Akiwa uwanja wa ndege alituma ujumbe wa sauti kwa viongozi. Alisema Jumapili Neno litaletwa na mama wa Bukavu, kwamba anawapenda sana ndugu zake, na kwamba ndege inaondoka. Akazima simu.

Mama wa Bukavu ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayetunza wazee katika nyumba ya wazee karibu na Langley Park. Alikuwa mwinjilisti kwao Kongo, na baadaye katika kambi ya wakimbizi Burundi. Kwetu aliongoza maombi tu, na akiomba hata madirisha yalisikia.

Jioni ile viongozi walikutana sebuleni kwetu. Nilipeleka chai nikakaa, ijapokuwa hakuna aliyeniambia kaa.

"Mimi sina neno na mama huyu," mume wangu alianza. "Ni dada yetu. Apike..."

Nikamtazama.

"Aombe," alijirekebisha. "Aimbe. Awafundishe akina mama. Lakini kuwahubiria wanaume, hapana. Hivi ndivyo hawa watu wa mrengo wa kushoto wanavyoingiaga makanisani. Leo mwanamke mimbarini, kesho tutaambiwa nini?"

"Tutaambiwa nini?" niliuliza.

"Wewe ngoja tu."

Nilimwambia kwamba mchungaji ameshaamua, na kwamba mama huyo amehubiri miaka mingi kuliko yeye alivyokuwa shemasi. Akanijibu kwamba wingi wa miaka haufanyi jambo kuwa halali. Nikamuuliza kama hayo ameyapata kwenye Maandiko au redioni. Hapo mzee wa Kirundi, mwenzake katika ushemasi, aliweka kikombe chini. Ni mtu anayechukia ugomvi kuliko njaa.

"Je, akitoa ushuhuda?" aliuliza.

Mume wangu alikubali kwamba ushuhuda ni wa kila mtu.

"Akiutoa na Neno mkononi?"

"Mkononi ni sawa. Asilifungue sana."

"Na maikrofoni?"

Mume wangu aliwapitia mitume kichwani. Mitume hawakusema lolote kuhusu maikrofoni. Ikapita. Mwisho walikubaliana kwamba mama asipande jukwaani wala asiikaribie mimbari. Asimame sakafuni, pembeni.

Binti yetu, ambaye anaelewa Kiswahili chote ila hukijibu kwa Kiingereza, alikuwa akila wali mezani. Akauliza, "Kwa hiyo atasema maneno yale yale, lakini akiwa amesogea kidogo kushoto?"

"Kulia," baba yake alisema haraka.

Nilimpigia simu mama wa Bukavu kumweleza, nikiwa na aibu. Alicheka. "Haina shida, Mama Shemasi. Hata kwa mti nimehubiriaka." Alimaanisha juu ya mti, kwa kuwa kambini hapakuwa na jukwaa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Habari ilikuwa imesambaa, na hata wale ambao huonekana Pasaka tu walikuja, wamevaa vizuri kama wanaokwenda harusini. Tuliimba, tukaomba, na mama wa Bukavu akaenda kusimama mahali pake sakafuni, upande wa kulia.

Hapo mume wangu akaona jambo. Kutoka pale kamera yetu ilipo, mimbari ilionekana nyuma ya bega la mama. Mtu akitazama ibada mtandaoni, hasa mtu wa kanisa la wenyeji, angedhani amesimama mimbarini. Mume wangu alimwomba mama arudi kitini kidogo, akapanda jukwaani kwenda kuiondoa.

Ile mimbari ni ya mti wa mwaloni. Wenyeji walituachia kwa sababu, nadhani, wao wenyewe walishindwa kuibeba. Mzee wa Kirundi alimwambia asubiri asaidiwe, lakini watu walikuwa wanatazama, na mume wangu akiwa anatazamwa hasubiri. Akaikumbatia, akaivuta nyuma, akaiteremsha ngazi ya jukwaa kwa kishindo. Ilipogusa sakafu, mgongo wake ulikataa. Nilimsikia akisema "aaa" kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia, akapiga magoti, kisha akalala chini taratibu.

Mama wa Bukavu alimfikia kabla yangu.

"Papa, usinyanyuke!"

"Niko sawa," alisema mume wangu, akijaribu kunyanyuka.

"Nimesema lala! Mi nabebaka bazee kila siku, mgongo naujua. Chezesha vidole vya miguu. Unasikia mkono wangu hapa? Na hapa? Sawa. Ni misuli. Leteni kiti."

Alimgeuza chali, akampandishia miguu juu ya kiti, magoti yamekunjika, koti akalikunja kuwa mto. Mipindo ya suruali ikateleza hadi magotini, na ukumbi mzima ukaona soksi zake. Zilikuwa nyekundu, na kila moja ilikuwa na tembo wadogo, nembo ya chama chake, wakitembea kuuzunguka mguu. Alipewa na mwenzake kazini. Watoto wa mstari wa mbele walianza kuhesabu tembo kwa sauti.

"Hapo utakaa mpaka nimalize," mama alimwambia. "Ukiamka mbele ya hapo, hutaendesha gari mwezi mzima."

Mume wangu, ambaye hajawahi kupokea amri ya mwanamke bila kuijadili, hakujadili.

Sasa mimbari ilikuwa imetua pale pale alipopangiwa mama kusimama, na hakuna aliyethubutu kuigusa tena. Naye hakutaka kumwacha mgonjwa. Akaizunguka, akasimama nyuma yake, akafungua Neno juu yake, shemasi akiwa miguuni pake. Akahubiri.

Alihubiri juu ya kubebana mizigo; kama somo hilo alikuwa ameliandaa au alilichagua palepale, sijui. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

"Kwetu bunduki zililia," alisema. "Bachungaji bengine balikufa, bengine balikimbia. Jumapili ikafika, watu bakakusanyika na maiti ziko pale. Nani atazika? Tukaangaliana. Tulikuwa bamama tu. Njo nikasimama. Hakuna mtu aliniuliza ruhusa yako iko wapi."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa siku ya ushindi, na kumbe nililia kama wengine.

Baadaye akauliza, "Asubuhi ya ufufuo, nani balitumwa kwanza kuambia wengine kaburi liko wazi?"

Watu walitazama viatu vyao. Kila mmoja alijua jibu, na kila mmoja alijua kwamba leo jibu lina upande. Lakini mume wangu hufundisha darasa la Jumapili, na swali la Maandiko likikaa bila jibu humuwasha kama upele.

"Wanawake," ilisema sauti kutoka sakafuni.

"Asante, Papa Shemasi," alisema mama, akaendelea.

Nyumbani nilimrudisha akiwa amelala kiti cha nyuma. "Sikuwa kwenye mahubiri," aliniambia kutoka nyuma. "Nilikuwa mgonjwa."

Wiki ile mama wa Bukavu alipita kwetu kila alipotoka kazini, kumfundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo. Siku moja nilikuwa jikoni nikawasikia wakianza siasa, nikakaa tayari kumwokoa mama. Hakuhitaji kuokolewa. Juu ya shule, juu ya malezi, juu ya ndoa, juu ya mtoto kuadhibiwa, alikuwa upande wa mume wangu, na katika mambo mengine alimpita. Kwa muda wote mume wangu alikuwa na hakika kwamba mwanamke anayehubiri ni lazima awe wa chama changu.

"Angekuwa na uraia, angepiga kura na mimi," aliniambia usiku, akishangaa.

Mimi niliyempigania mama yule sebuleni kwangu nilikuwa nimeupigania upande wa mume wangu bila kujua, na kwa siku kadhaa niliona kama nimeibiwa. Nilimpikia mama ugali hata hivyo, kwa sababu alitoka kazini amechoka.

Mchungaji aliporudi uliitishwa mkutano wa kanisa. Ulikuwa mrefu, watu wakapandishiana sauti kwa lugha nne. Mume wangu alisimama, mkono mmoja kiunoni, akasema dhamiri yake haimruhusu kumwita mwanamke mchungaji, na atapiga kura ya hapana. Akapiga. Alishindwa nusu: tulikubaliana mama ahubiri kila mwezi, lakini aitwe mwalimu. Familia mbili zilihamia ushirika mwingine. Baba wa familia mojawapo bado hanisalimii tukikutana sokoni. Wenyeji wetu, ambao tuliogopa sana watasema nini, hawakusema lolote. Walichotuandikia ni kwamba tumekwangua sakafu.

Mume wangu hajabadilika. Jumapili za mama yule hakai ukumbini. Amegundua kwamba jiko si kanisa, na jiko letu lina dirisha la kupitishia chakula linalofunguka ukumbini. Basi akina mama waliokuwa wakipika chai wamekaa mbele wanasikiliza mahubiri, na shemasi anayepinga mwanamke kuhubiri amesimama jikoni kwa aproni, anachemsha maziwa, sikio dirishani. Tangawizi huzidisha.

Ibada ikiisha, mama wa Bukavu hupitia dirishani kwanza.

"Papa Shemasi, leo nimekosea wapi?"

"Mahali pawili," mume wangu husema, akimjazia kikombe, naye mama huvuta kiti. Sisi wengine hujimiminia chai wenyewe.