Mate ya Mjomba kwenye Swichi

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale mtaani Mudzipela kununua swichi za chumbani, nikatoka mikono mitupu. Muuzaji, kijana nadhifu wa kuonekana, alitaka kunithibitishia kwamba waya wake ni wa shaba halisi. Akautia mdomoni, akauma ganda kwa magego, akavuta, kisha akatema kipande cha plastiki nyekundu juu ya kaunta, kando ya mkono wangu. Kilikuwa kimelowa. Harufu ya plastiki yenye mate ikanipanda puani, na nyuma yake ikaja harufu ya tumbaku ambayo mle dukani haikuwemo. Nilimwambia kijana asante, nitarudi. Sitarudi, na ninyi mtanielewa nikimaliza kusimulia.

Nilipokuwa msichana mdogo tulikuwa tukikaa Mudzipela hiyohiyo, mimi, mama na mdogo wangu Mapenzi. Baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu na alikuja nyumbani kwa nadra. Swichi za nyumba ile zilikuwa zimezeeka vibaya. Vifuniko vilikuwa vimepasuka na kugandwa na mafuta ya vidole vya mapishi, rangi yake imekuwa ya ugali ulioungua, na kila ulipobonyeza ile ya sebuleni mende alitoa sharubu kwenye ufa kuangalia ni nani anabisha. Mimi nilizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na sauti ya kuimba. Nilikuwa nabonyeza kwa kijiti. Mama alicheka, akasema siku moja nitaolewa na sabuni.

Mjomba Andama, kaka mkubwa wa mama, aliposikia habari hizo alikuja kutoka Aru na swichi mpya. Alizinunua kule mpakani, akazisafirisha katika mfuko mmoja na samaki wakavu, nazo zilitoka mfukoni zikiwa na magamba. Mjomba hakuwa fundi. Aliwahi kumwona mtu akifunga umeme, basi. Lakini kwa watu wa mama, kaka wa mama ni mtu wa kuogopwa kuliko hata baba. Akiridhika nawe anakutemea mate kichwani, na mate hayo ni baraka. Akinung'unika, hata kimoyomoyo, watoto wa dada yake wanaanza kuugua. Hivyo ndivyo mama alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyotulea sisi.

Shida ni kwamba baraka za Mjomba zilipitia kwenye tumbaku. Alikaa nayo kutwa kati ya ufizi na mdomo wa chini, nyeusi, imelowa, na kila neno lake lilitoka na matone.

Mama alimwonyesha disjoncteur, kile kizimio kikubwa cha nyumba nzima kilichokuwa juu ya mlango.

"Kaka, zima kwanza."

"Dada, courant ya umeme inaogopaka mwanaume. Weye niletee tu bidon."

Akapanda juu ya bidoni la njano, dumu letu la maji, akafungua swichi ya zamani. Mende wakamwagika ukutani, naye akawapangusa kwa kiganja kitupu kama mtu anayefuta vumbi. Kisha, jamani, akalamba ncha ya kidole cha mkono uleule, akagusa waya mmoja, halafu wa pili, ili ajue ni upi wenye umeme. Alipoupata aliruka kidogo, akacheka. Nyaya za ukutani zilikuwa fupi, kwa hiyo akakata kipande kipya na kukitafuna ncha zote mbili, plastiki na tumbaku vikianguka pamoja kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Utepe wa kufungia hakuwa nao. Akapasua mfuko wa nailoni, akazungushia kwenye maungio, akaugandisha kwa mate. Nyuzi nyingi za shaba hazikuingia mahali pake, nyingine zilichungulia hadi kwenye skrubu ya kifuniko, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Akamaliza kwa kutema juu ya swichi, pfuu, kisha juu ya vichwa vyetu. Kitu cha baridi kikashuka nyuma ya sikio langu. Nikainua mkono kukifuta.

"Acha ikauke yenyewe, Dorika," mama akaninong'oneza.

Nilikaa na tone lile mpaka Mjomba alipomaliza kula. Mimi chakula changu sikukigusa.

Alipoondoka, nilibonyeza swichi kwa kidole, bila kijiti, kwa vile ilikuwa mpya. Kitu kikanishika mpaka kwenye kiwiko, kikaniachia. Nilidhani nimeumwa na mnyama. Mama akaja, akaichungulia ile skrubu bila kuigusa. Kisha akatoa amri kwamba taa ya sebuleni ataiwasha na kuizima yeye peke yake.

"Mama, si tuite fundi?"

"Fundi aje kufungua kazi ya mujomba yenu? Akisikia nitamwambia nini? Na mukigonjwa, weye na Mapenzi?"

Jibu hilo lilinichefua kuliko mende. Tuliambiwa kila siku kwamba heshima si utumwa, na hapa palikuwa na mama yangu, mwanamke aliyeweza kubishana na muuza nyama mpaka mfupa ukatolewa kwenye mizani, amekuwa mtumwa wa mate. Kinyaa changu kikahama ukutani, kikamwendea yeye. Kila jioni nilimwona akienda kuwasha taa ile, nami nikatazama pembeni.

Mambo yaliendelea hivyo kwa miezi. Halafu jioni moja mama alikuwa uani anachochea moto, na Mapenzi akatoka kuoga, anachuruzika maji, akavuta bidoni, akapanda kujifanya mkubwa. Nilisikia kilio kifupi, kisha kishindo. Nilimkuta chali, midomo imepauka, macho wazi, na kwa kitambo hakupumua. Mama aliingia mbio, akamkumbatia, akamsugua kifua, akamwita kwa majina yake yote. Mapenzi alipovuta pumzi na kuanza kulia, tulilia naye. Kwenye kidole chake palibaki alama nyeusi, na chumba kizima kilinuka ukucha uliochomwa.

Nilitegemea mama achukue nyundo aivunje ile swichi. Hakuivunja. Alizima umeme wa nyumba nzima, akawasha mshumaa, na asubuhi akampigia kaka yake simu aje haraka.

Mjomba alipofika, na tumbaku yake, alimkuta mama na kijana mmoja anayeitwa Aimé, fundi umeme wa mtaa wa Rwambuzi. Mama akapiga magoti. Moyo wangu ukajaa uchungu, kwa kuwa niliona anakwenda kuomba msamaha kwa kosa la mtu mwingine.

"Kaka," akasema, "ile kazi ulianza, tunataka uimalize. Lakini weye iko mbali. Huyu kijana iko na vyombo, ila mikono yake haina baraka. Umutemee mate, ili akishika nyaya ikuwe ni weye unashika."

Mjomba alimtazama dada yake. Akatazama kidole cha Mapenzi kilichofungwa kitambaa. Akaisogeza tumbaku kwenye shavu moja, taratibu.

"Leta mikono," akamwambia fundi.

Aimé akanyoosha viganja. Pfuu. Yalikuwa ya kahawia, tena mengi.

"Papa, nangojea ikauke kwanza," fundi akasema, viganja vikiwa hewani. "Courant na maji havipatanaka."

"Baraka haikaukaka!" Mjomba akajibu kwa fahari.

Ilikauka. Aimé akazima kile kizimio, akamweka Mjomba mwenyewe akilinde asije mtu akakiwasha, na mzee akasimama chini yake kifua mbele kama askari. Fundi akapima kwa bisibisi yenye kitaa ndani yake mpaka akahakikisha nyaya zimekufa. Akakata ncha zote zilizotafunwa, akamenya upya kwa koleo, akasokota nyuzi zikawa kitu kimoja, akaziingiza zote bila kubakiza hata moja nje, akakaza, akavuta kila waya kuona kama utang'oka. Umeme uliporudi, Mjomba ndiye aliyepongezwa. Mama alimchinjia kuku, na firigisi, ile ya mgeni wa heshima, akapewa mtu aliyekaribia kumwua mdogo wangu. Aliitafuna bila kuitoa tumbaku. Niliinuka mezani.

Miaka imepita, Mjomba tumeshamzika. Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea, na magharibi ilipoingia nilimwona, kutoka jikoni, akienda kuwasha taa ya sebuleni kwangu, ambako swichi ni nzima. Akatafuta kandambili, akazivaa. Akafuta mkono kwenye kitenge, mbele na nyuma. Akaugeuza mkono, akageuzia uso pembeni, akauma meno, akabonyeza upesi kwa mgongo wa kidole. Taa ilipowaka akashusha pumzi.

"Mama," nikamwuliza, "ile swichi ya Mujomba ilikuwa inakukamata?"

Alinishangaa. "Kila magaribi, mutoto yangu. Bila taa mungesomea wapi?"

Mate ya mzee yule yalinitia kinyaa kweli, na hata leo yananitia. Lakini kila jioni nilifungua daftari langu chini ya taa ile, mama amekaa karibu anajisugua mkono wa kulia, na mimi nikiamini kwamba nyumbani kwetu mwoga ni yeye.