Kichwa Changu na Mkono wa Kokoo

Mimi ni mtu wa haya. Kanisani kwetu Noonkopir wanafikiri ni upole, lakini ukweli ni kwamba kusema hapana kunataka sauti, na kukubali kunataka kichwa tu. Kwa hivyo mimi hutikisa kichwa. Ndivyo nilivyojipata kwenye kwaya, shule ya Jumapili, kikundi cha maombi, kupanga viti, na mchezo wa kuigiza ambamo nilikuwa mti. Huo niliukubali haraka, mti hauongei.

Likizo ya Aprili, kokoo, yaani nyanya yangu, alikuja kutoka Ewuaso Kedong kukaa nasi wiki moja. Kwetu mtoto anasalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, naye mkubwa anamwekea mkono kichwani. Sasa kokoo akikuwekea mkono hauondoi upesi. Anauliza habari yako, ya shule, ya mbuzi, halafu ananong'ona baraka. Anasema ukitoa kichwa kabla hajamaliza, baraka inaanguka chini.

Jumatatu nilimwinamia huku nikivaa viatu, nikiwahi kanisani.

"Takwenya," akanisalimia kwa lugha yetu.

"Iko!" nikajibu, na tayari niko getini. Nilipogeuka, mkono wake ulikuwa bado hewani, kama mtu anayesimamisha gari.

Jumanne hivyo hivyo. Alhamisi nikamsikia akimwambia mama, "Nimekuja kuona mjukuu, naonyeshwa mgongo."

Ijumaa tukiwa mezani akaniambia, "Omba wewe. Si wewe ndiye wa kanisa?"

Nikafumba macho. Kichwani kulikuwa na nyimbo na viti, basi. Mdomo ukajisemea: "Baba yetu wa mbinguni, tunakukumbusha mazoezi ni kesho saa tatu kamili, na asiye na sare hataimba. Amina."

Kaka yangu alicheka mpaka ugali ukamkwama. Kokoo alisema amina vizuri kabisa, kisha akauliza, "Na Mungu atatoa sare wapi?"

Nilicheka pia. Lakini nikiosha vyombo nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliomba kitu changu mwenyewe, si kwa niaba ya kikundi. Sikukumbuka. Nilikuwa kama boda ya maziwa: nafika kwa Mungu kila siku, naacha mtungi mlangoni, naenda.

Jumamosi kokoo alikuwa anarudi kwake saa nne. Saa mbili na nusu mwalimu wa kwaya akasimama getini.

"Twende. Sauti ya pili wako wawili tu. Na baada ya mazoezi utabaki upange viti, sawa?"

Nilisikia kichwa kikianza kushuka chenyewe. Kokoo alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, akifunga shuka yake, macho kwenye hicho kichwa.

"Hapana."

Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Kuku wa jirani wakaruka.

"Hapana nini?"

"Leo siji. Kokoo anaenda."

Mwalimu akaniangalia kama aliyeona mti wake umeongea. "Na viti?"

"Viti... havina miguu ya kutoroka, mwalimu." Viti vina miguu minne kila kimoja, lakini nilikuwa nimeshasema.

Akacheka sana. "Kumbe uko na sauti! Basi kesho utaimba peke yako."

"Hapana," nikasema tena, kwa sababu neno lilikuwa bado liko mdomoni.

Alipoenda, nikapiga magoti mbele ya kokoo nikainamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa mzito, unanukia moshi. Akauliza habari yangu, na kwa mara ya kwanza sikusema nzuri. Nilimwambia nimechoka, kwamba kwaya naipenda kweli lakini mti sitaki tena. Akauliza ya shule. Shingo ikaanza kuuma. Akauliza ya mbuzi.

"Kokoo, si unajua hapa hatuna mbuzi."

"Najua. Nangoja upumue."

Nikapumua. Hakuwa ameanza hata ile baraka, nami sikuangalia saa.