Mkanda wa Picha Ndani ya Mboji

Kazini walimwita Mpishi, kwa sababu alishinda akipika taka: majani, maganda na samadi, rundo baada ya rundo, mpaka ziive ziwe mboji. Siku hizi alikuwa na kibarua kingine. Watafiti walimletea vipande vya plastiki iliyotengenezwa kwa selulosi, ile inayoipa miti ugumu wake, avitie kwenye vifuko vya wavu na kuvizika, waone vijidudu vitavila kwa kasi gani. Kazi yenyewe aliipenda. Kilichomponza ni mkoba.

Asubuhi moja mkobani mwake mlikuwa na vipande vya kuzikwa, na pamoja navyo mkanda wa zamani wa filamu ya kamera, wenye picha pekee iliyobaki ya marehemu kaka yake. Mama yao alitaka picha isafishwe kabla macho hayajamzimikia kabisa. Mtoto wa jicho alishalifunika moja na la pili lilikuwa njiani. Mpishi alikusudia kuupeleka kwa mpiga picha akitoka kazini. Basi akaitwa kupokea lori la taka, na mwenzake wa zamu, kwa wema wake, akavitia vyote kwenye vifuko akazika. Plastiki si plastiki tu?

Alipogundua, rundo lilishaanza kuchemka. Mkuu wa yadi akakataa katakata lisifunuliwe, joto lisije likashuka na jaribio zima likaharibika. Asubiri siku ya kugeuza rundo, wiki kadhaa mbele.

Akajipa moyo. Mkanda ule nao ni wa ukoo wa selulosi, na alijua vijidudu huuhangaikia: kwanza viubandue uchachu wa siki ambao kiwandani hushikizwa kwenye selulosi hiyo, ndipo viifikie selulosi yenyewe. Hilo huchukua miezi. Hata hivyo hakulala vizuri, na kila jioni mama alipoulizia picha, alijibu kwamba kwa mpiga picha kuna foleni.

Siku ya kugeuza alichakura kwa mikono mitupu. Mkanda ulitoka mzima, unanukia siki kwa mbali. Alicheka peke yake kama kichaa. Akauosha bombani, akauinua juani.

Ulikuwa mtupu, mwangavu kama kioo cha dirisha. Hapo ndipo alipokumbuka. Picha haikai ndani ya plastiki. Hukaa kwenye utando mwembamba juu yake, uliotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na kwa vijidudu huo ndio mnofu. Vilianza na kaka yake, plastiki vikaiweka kiporo.

Nyumbani mama alikuwa ameketi dirishani. Mpishi alimwambia mpiga picha ameshindwa, ila mkanda huu hapa. Mama akauelekeza kwenye mwanga, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Macho haya hayana kazi tena," alisema. "Hebu nisimulie wewe, mwanangu. Yukoje?"

"Anacheka, mama."

Mama aliushusha mkanda taratibu, akaulaza mapajani.

"Siku ile hakucheka. Nilikuwa nimetoka kumchapa, akapigwa picha amenuna. Ndiyo maana nilitaka nimwone tena." Akapapasa kiti cha pembeni. "Kaa hapa. Niambie umemfanya nini kaka yako."